Mafuta ya Jovita

Tangu asubuhi Kaijage alikuwa kibarazani, simu mapajani, akimkaripia kila aliyepita mbele yake eti anamzibia mtandao. Mkewe, Anatolia, alimwacha na kisirani chake akaendelea kumenya ndizi.

Mzee alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi huko ughaibuni kazi yake ilikuwa kuzijaza satelaiti mafuta, na mafuta yenyewe ni sumu kali. Sumu hiyo ikamwingia, akarudi Muleba na ini bovu. Daktari wa Bukoba hakumficha: hapo hakuna cha kutibu. Hilo Kaijage alikwishalimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba binti yake Jovita alifuata kazi ileile, kwenye kampuni ileile.

Ila Jovita alikwenda na akili zake. Yeye na wenzake walitengeneza mafuta mapya yasiyomdhuru anayeyajaza. Kule waliyaita mafuta ya kijani, na majirani wa Muleba, ambao hawakosi jibu, wakakubaliana kwamba lazima yamekamuliwa kwenye majani ya migomba. Leo yalikuwa yanajaribiwa angani. Injini ikiwaka, Jovita hataigusa tena ile sumu.

Simu iliita mchana.

"Tata, haikuwaka," Jovita alisema. "Haya mafuta yanataka injini ipashwe moto kwanza, na kipasha moto kimekufa. Satelaiti imebaki inaelea tu."

"Mtarudia."

"Hawataki. Wanarudi kwenye yale ya zamani."

Kaijage aliibana simu sikioni. "Na nani atajaza?"

"Mimi. Nimeshaanza, Tata. Kuna satelaiti nyingine ilitakiwa iwe tayari. Sikukwambia, ungegoma kula." Sauti yake ikalainika, ikawa ya kubembeleza mgonjwa. "Usiogope. Mavazi ya kujikinga ya siku hizi ni mazuri. Juzi tumemaliza, nimeshayavua, nikasikia harufu ya dagaa mle chumbani. Dagaa kabisa, wale wanaoanikwa ufukweni Bukoba. Nikakumbuka nyumbani."

Kaijage aliishika simu kwa mikono miwili. Vitabuni wameandika kwamba sumu ile inanuka kama amonia, na Jovita alikuwa amevisoma vitabu vyote. Lakini kwa mtu aliyekulia kando ya ziwa inanuka dagaa, na pua ikishaisikia, basi imeshazidi kiasi cha binadamu kuvuta. Kaijage aliijua hiyo harufu. Siku moja kazini bomba lilivuja, na yeye pia akasimama akavuta pumzi kwa hamu ya kwao. Hakuwahi kumsimulia binti yake. Ilimchoma sasa, kuliko ini.

"Ulisimama pale muda gani, mwana wange?"

Jovita alicheka kidogo. "Mpaka nikashiba, Tata."