Utepe wa Mgeni Rasmi

Daktari Haitham aliporudi Pemba na ubingwa bobezi wa kurekebisha vali za moyo bila kupasua kifua, tulimpokea kwa dufu. Mimi, Sista Mwanawema, muuguzi niliyefanya kazi miaka thelathini na moja, nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Miaka miwili kakaa ughaibuni, kasimama nyuma ya mwalimu wake, akashika, akakosea, akasahihishwa, mpaka akaachiwa afanye peke yake. Vali mia moja na kumi na mbili kazifungua kwa mikono yake. Haya, karudi kwao, na hospitali yetu ikampa kazi inayolingana na elimu hiyo: ikamfanya mwenyekiti wa kamati ya mapokezi.

Msicheke bado. Mashine ya kazi hiyo tulikuwa nayo. Wafadhili waliileta, mafundi wakaifunga, wakaijaribu, wakatia saini kuwa iko sawa, wakaenda zao. Ila mlangoni mwa chumba chake palikuwa na utepe mwekundu, na ubavuni mwa mlango jiwe la uzinduzi limefunikwa pazia, na kabla ya mgeni rasmi kuukata utepe ule haingii mtu. Mgeni rasmi alikuwa keshaahirisha mara tatu. Kila akiahirisha, fundi huitwa kufuta tarehe kwenye jiwe na kuandika nyengine. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu sisi, mwenyeji asithubutu kupona mpaka mgeni afike.

Mwenye utepe wake alikuwa Bwana Silima, katibu wa hospitali. Mtu huyu ukimwambia nyumba inaungua, atakuuliza barua iko wapi. Utepe kaununua mwenyewe, kaufunga mwenyewe, na kila asubuhi alipita kuukagua. Haitham naye, badala ya kumgomea, alikaa vikaoni kujadili sare za kitenge na nani atapika pilau. Nilikuwa nikimtazama naona uchungu. Mikono ile!

Jumatatu moja, msimu wa karafuu umepamba moto, ikaja gari kutoka Mtambile. Ndani yake Asya, msichana wa miaka ishirini na mbili. Alikuwa anachambua karafuu na wenzake, pumzi zikamkatika. Midomo imeshageuka rangi. Mama yake, Bi Zulekha, akatwambia mwanawe ana miezi miwili hajalala chali, analala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni.

Haitham akampima. Vali moja imekaza, mambo ya homa ya utotoni, imebaki tundu dogo kama la kifungo, na damu inarudi mapafuni. Tukampa dawa ya kutoa maji, akapata nafuu kidogo.

"Dawa hii itamshikilia siku mbili," Haitham akaniambia. "Vali yenyewe naifungua mimi. Napitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, navimbisha puto, basi. Saa mbili hazifiki."

"Na kumsafirisha?"

"Hafiki, Bi Mwanawema. Atatufia njiani."

Tukaenda kwa Silima, sisi wawili na Bi Zulekha nyuma yetu. Silima akasikiliza, akatikisa kichwa, uso ukamchangamka.

"Pole sana, mama. Lakini hii riziki! Mgeni rasmi kathibitisha Jumamosi. Tulikuwa hatuna mgonjwa wa kuonyesha kwenye picha. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia, "na huyu si tumbo, ni moyo!"

Bi Zulekha akauliza taratibu, "Ntoto wangu afe kwa sababu ya kitambaa?"

Silima akamjibu kuwa utaratibu ni utaratibu. Haitham akainamisha macho. Wallahi nilitamani kumzaba kofi, bingwa bobezi mzima.

Jumatano asubuhi dawa haikufua dafu tena. Asya amekaa kitandani, kifua kinapanda na kushuka, akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Sista, nikifa, yule bwana wa utepe asinipige picha." Wakati huohuo ikaja simu: mgeni rasmi kaahirisha tena, wiki mbili na ushei. Silima hakuuliza mgonjwa yu hali gani. Alimwita fundi wa jiwe.

Nikamfuata Haitham. Nikamkuta kasimama mbele ya utepe, mikono nyuma, mfano wa mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Kule nilikosomea," akasema, "mlango haukuwa na utepe."

"Basi hilo ndilo somo walilosahau kukufunza, baba."

Nikatoa mkasi wangu wa bandeji mfukoni nikaukata. Ulikatika kama uzi wowote. Haitham akauruka ule uliodondoka, akaingia, na tangu hapo nikamwona mtu mwengine: sauti imetulia, anaomba kitu kabla sijajua kinatakiwa. Tukampa Asya oksijeni, tukamlaza kwa shida. Puto likavimba kwenye kioo cha mashine, likabanwa katikati, mara likafunguka. Asya akavuta pumzi moja ndefu. Kisha akalala usingizi, chali, bila mto hata mmoja, na mama yake akaketi chini pale pale akalia.

Mimi nikapata barua ya onyo: kuzindua bila mamlaka.

Mgeni rasmi akaja hatimaye, siku ya kumi na saba tangu Asya afunguliwe vali. Utepe mpya umefungwa. Silima kamtuma mtu Mtambile akamlete Asya alazwe kitandani, ajifanye anasubiri. Asya akakubali bila ya ubishi, jambo lililonishangaza.

Mgeni akakata utepe, makofi. Akaingia, wapiga picha nyuma yake, akainama kitandani. "Unaogopa, mwanangu?"

"Siogopi, mheshimiwa. Mie nilishafunguliwa. Hapa nimelala upate picha."

Wapiga picha wakashusha kamera. Mgeni akauliza nani aliyekata utepe wa mwanzo. Silima akaninyooshea kidole, ila Haitham akatangulia mbele yangu. "Mimi." Muongo mkubwa! Nilimpenda siku ile.

Silima akaona aokoe jahazi, akawahimiza wote nje, akavuta pazia la jiwe. Asya kafuata kwa miguu yake, akalisogelea, akasoma tarehe kwa sauti, polepole, rangi bado mbichi.

"Leo," akasema. Akamgeukia Silima. "Basi kama tungelisubiri jiwe hili, mngelikuwa mshanisomea hitima zamani, na ubani ushakwisha."

Hakupiga makofi mtu. Mgeni rasmi aliaga mapema. Pilau ililiwa kimya, na Silima peke yake ndiye aliyeongeza sahani.