Mbwa wa Juu ya Tembe

"Njoo uonje basi! Onja mlenda wangu, uniambie umekolea udongo au bado!"

Mwanne alisimama mlangoni kwa Yudith na chungu mkononi, sauti yake ikifika stesheni bila nauli.

"Dada Mwanne, udongo wa paa huanguka hata panya akipita."

"Panya! Na huyu panya wako anabweka?"

Juu ya vichwa vyao Mapepe, mbwa wa Yudith, akapita mbio, du du du du, toka mwisho wa tembe hadi mwisho, akageuka, akarudi. Vumbi likamwagika tena, safari hii likatua juu ya ushungi wa Mwanne. Majirani waliotoka kuamua ugomvi, yaani kuusikiliza vizuri, wakaziba midomo.

Reli ya Mdachi ilipofika Dodoma na watu wakamiminika, Mzee Mbwana wa Kondoa aliona mbali. Alijenga tembe moja ndefu, paa bapa la udongo, akaikata vyumba kama mtu anayekata boga. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, pole unapewa na chumba cha mwisho. Elieza, mume wa Yudith, alipokwenda kutandika reli upande wa Tabora, alimwachia mkewe humo blanketi, sufuria na ahadi. Baba yake Yudith kule Buigiri hakuwa mtu wa kuamini ahadi. Akamwongezea mbwa.

Tatizo ni kwamba Mapepe alizaliwa machungani. Kazi yake ilikuwa kukimbiza ng'ombe kutwa nzima, na sasa alipewa chumba ambacho akijinyoosha, mkia unabaki nje. Kwanza alikula kigoda. Kisha akachimba ukuta mpaka pua yake mbichi ikatokea kwa Mwanne, ikamgusa mumewe Shaaban akiwa juu ya mswala. Shaaban akaenda kutawadha upya bila neno. Maneno yote aliyasema mkewe. Ndipo Yudith akampandisha Mapepe juu ya paa, akadhani amemaliza mambo.

Mzee Mbwana akafika, bakora mbele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jua lisizame mbwa huyu yumo kwangu. Akibaki, utahama naye."

"Mpelekeni relini," jirani mmoja akachangia. "Si wanatafuta vibarua?"

Yudith hakucheka. Tangu Elieza aondoke, ni Mapepe peke yake aliyekuwa akiinua kichwa Yudith anapoongea. Akamshusha, akamfunga kwenye nguzo, akaketi chini, maana kigoda kilishaliwa. Mapepe akamtazama kama mtu aliyechapwa viboko hamsa ishirini bila kesi.

Paa likanyamaza. Mwanne akarudi chumbani kwake na chungu, akamshukuru Mungu kwa sauti, ili Yudith asikie. Mara nyayo zikaanza tena juu.

"Yudith! Mbwa wako!"

"Yuko hapa, kafungwa!"

Ukatokea ukelele. Mguu ulikuwa umetoboa dari ya Mwanne, ukaning'inia juu ya chungu. Mguu wenye kwato.

Walikuwa mbuzi wa Mzee Mbwana. Wachungaji wake wote walikimbilia kazi ya reli, hivyo mbuzi walijichunga wenyewe kwa hekima yao. Nyuma ya tembe paa lilikuwa chini, na juu yake mtama wa wapangaji wote ulianikwa. Ni Mapepe aliyekuwa akiufukuzia ndege na mbuzi tangu mavuno, na hakuna aliyejisumbua kuliona hilo. Mwanne akarusha mwiko. Mbuzi wakautazama, wakaendelea kutafuna. Mzee Mbwana akawaita kwa upole wa mwenye mali. Nao wakampa mgongo.

Yudith akafungua kamba.

Mapepe hakumng'ata hata mmoja. Aliinama, akazunguka, akawabana, wakateremka kwa adabu, hata yule wa mguu akajichomoa mwenyewe. Akawapanga mbele ya mwenye nyumba, akaketi, ulimi nje, uso kama wa bwana harusi.

"Mzee," Mwanne akasema, akiutazama mtama uliosalia, "kwani mbwa huyu anahamia wapi?"

Ghafla ikabainika kwamba majirani wote walikuwa wakimpenda Mapepe tangu zamani.

"Lakini amekanyaga mtama wako, Mwanne," mchokozi mmoja akakumbusha. "Na nyie dini yenu..."

"Mtama mkavu, mguu mkavu! Unyevu Dodoma hii wewe umeuona wapi? Kavu kwa kavu hakuna najisi."

Mzee Mbwana akakohoa. "Kwani mimi nilisemaje? Nilisema mbwa asishinde ndani. Asubuhi Yudith akienda kuni, atoke naye na hawa mbuzi. Jioni atarudi hoi, na mtama utakuwa salama."

Hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema hivyo, na hakuna aliyembishia.

Yudith akainama, akauficha uso wake kwenye shingo ya Mapepe. Alipoinuka, Mwanne alikuwa mlangoni kwake, chungu mkononi tena.

"Unangoja tarumbeta? Ingia tule. Mlenda una udongo, mguu wa mbuzi umekosa kidogo tu kuukoroga. Ukikataa nitajua unaringa."

"Na Mapepe?"

"Abaki mlangoni. Yeye na pua yake. Haya, karibu ndani, ugali unapoa."