Lakabu za Shemeji

Shemeji alikuwa na mdomo mpana kuliko studio ya picha alimoajiriwa. Dada mtu ndiye aliyebembeleza ili mumewe apewe kazi ya kuhariri picha pale, na mdogo wake, fundi wa kompyuta wa studio, akakubali shingo upande. Fundi alimdharau tangu siku ya kwanza, alipomwona akifungua folda moja baada ya nyingine kama mtu anayejipapasa mifuko mlangoni akitafuta ufunguo.

Fundi hakuhangaika hivyo. Alikuwa na dirisha jeusi la kuandikia amri, na folda zake alizipa lakabu. Akiandika "harusi", anatua kwenye picha za harusi. Akiandika "taka", yuko kwenye folda ya picha zilizokataliwa.

Shemeji alilinakili faili lililohifadhi lakabu hizo kwenye kompyuta yake bila hata hodi, kisha akaanza kutamba mbele ya wateja: "Utundu huu nimeubuni mwenyewe."

"Umesoma kilichomo, shemeji?" fundi alimuuliza.

"Nisome nini? Mimi si mwanafunzi."

Kwenye kompyuta yake folda ya taka haikuwepo. Asubuhi moja, akiwa ndani ya folda ya harusi, aliandika "taka". Kompyuta ikajibu kwamba haioni kitu kama hicho, lakini macho ya shemeji yalikuwa kwenye simu. Akidhani ameshahamia kwenye taka, akaandika amri ya kufuta kila kitu kilichomo, akabonyeza. Bibi harusi akafutika na ukoo wake mzima.

"Lakabu zako zimeniponza!" alifoka, jasho likimtoka.

"Zangu tena? Si ulizibuni wewe?"

Fundi alimwacha atokote kidogo, ndipo akachomeka diski ya akiba. Picha zilirudi, isipokuwa za ukumbini, ambazo shemeji alikuwa ameziingiza asubuhi ileile, kabla hazijanakiliwa kwenye diski hiyo. Bibi harusi alipopiga simu, shemeji akalegeza sauti: "Umeme ulikatika, dada yangu."

Fundi akasonya, akampokonya simu. "Umeme haukukatika. Huyu kazifuta. Tusamehe."

Jioni dada yake alimjia juu. "Umemwaibisha mume wangu!"

"Mimi? Hilo analiweza bila msaada wangu."

Walinuniana wiki nzima. Mwenye studio akamhamishia shemeji kwenye kubeba taa, na huko nako akasikika akimweleza mteja kwamba kupanga mwanga ni kipaji chake cha kuzaliwa.