Vidonge vya Smilja

Jamu ya plamu haitaki kuachwa. Ukiacha kukoroga inashika chini, na matunda ya vuli nzima yameharibika. Ndiyo maana wanawake hupokezana mwiko. Radojka alianza, akafuata jirani yake Kosara, kisha zamu ikamfikia Smilja, mke wa mwanawe Radojka.

"Funga nywele, mwali, usije ukatupikia na nywele," Kosara akamtania.

"Ziache, shangazi. Jamu yako ya mwaka jana ilikosa ladha kwa sababu hazikuwemo."

Wakacheka. Radojka hakucheka. Mfukoni mwa aproni yake mlikuwa na chupa ya vidonge vya Smilja.

Smilja alikuwa na ugonjwa wa usingizi. Zamani alisinzia mezani, uma ukiwa mkononi. Tangu daktari ampe vidonge vya kunywa kila asubuhi, alishinda akiwa macho, hata akarudi kazini kwenye duka la mikate. Lakini chakula kilikuwa hakimpandi, naye Radojka alipomwona anakonda, moyo ulimuuma. Mtoto amechoka tu, alijiambia. Akilala vya kutosha, atapona. Basi jana jioni aliichukua chupa, na asubuhi hakumwamsha. Smilja alipoamka aliitafuta, akadhani ameisahau dukani.

Sasa mwiko ukasimama.

"Smilja!" Kosara akapiga kelele.

Alikuwa amelala wima, na mkono wake wa kulia ulishateleza ndani ya jamu inayochemka.

Jioni Veljko alimrudisha mkewe kutoka zahanati, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Radojka aliiweka chupa mezani, mbele ya Smilja.

"Nilikuwa nayo mimi, mwanangu. Nilidhani ukilala sana utapona."

"Mama! Umekuwa daktari lini?" Veljko akafoka.

"Mwache," Smilja alisema. "Nilipoamka nilikuta amenifunika blanketi lake." Kisha akamgeukia mkwewe. "Hata ningelala wiki nzima, mama, ningesinzia tu. Usingizi wangu haushibi. Kidonge hakiniponyi, wala si badala ya kulala. Kinanishikilia mchana, basi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

Radojka alisogeza chupa mbele. "Basi kunywa sasa."

"Si jioni, mama. Nitakesha, na kesho nitakuwa hoi zaidi."

Hata hilo hakulijua. Miaka miwili wameishi nyumba moja, na hakuwahi kuuliza.

Asubuhi Smilja alijaribu kufungua kifuniko kwa mkono wa kushoto, kikagoma. Radojka aliacha kukata mkate, akanyoosha mkono kumsaidia.

Smilja alimtazama kidogo, bila hasira. Kisha akampa Veljko chupa.

Radojka akaurudisha mkono wake, akaendelea kukata mkate, vipande vyembamba, jinsi Smilja alivyovipenda.