Kofia ya Ruta

Mjukuu wangu aliniweka kwenye chumba cha mitambo kwa sababu mabenchi yote ya korido ya hospitali yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nimeshapigwa picha ya goti, nasubiri majibu. Chumba kilikuwa baridi utadhani jokofu, lakini mkuu wake wa kazi alinitafutia kiti chenye mto, akakiweka mwenyewe mbali na kiyoyozi. Watu wanamsema kuwa ni mkali. Mimi nilikiona kile kiti.

Wanamwita Bwana Nionyeshe. Ukimwambia kazi imekwisha, anasema, "Nionyeshe." Ukimwambia unaumwa jino, anasema hivyo hivyo.

Siku ile mjukuu wangu alikuwa anamaliza miezi mitatu ya kuangaliwa kazini. Ruta aliyoifunga ikipita mbele ya Bwana Nionyeshe, anaajiriwa. Ikigoma, anarudi nyumbani na cheti chake.

Alinieleza ile ruta kwa uvumilivu mkubwa, mara tatu. Kuna seva, ambazo zinapokea picha za mifupa ya watu. Kuna diski, ambazo zinazitunza. Ruta inakaa katikati kama karani wa mapokezi: kila picha inayokuja inaelekezwa mlango wake. Siku nne ilikaa juu ya meza yetu ya chakula akiipangia maelekezo, na sisi tukala tumeshika sahani mapajani. Kwangu kila chombo cha maana kina kitambaa chake. Redio inacho, runinga inacho, jokofu linacho. Nikaipima ruta kwa uzi alipokuwa amelala.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Picha mia mbili zipite kwenye ruta kwenda kwenye diski, na katikati ya safari mjukuu wangu achomoe waya mmoja kati ya miwili. Picha zote zipite kwenye uliobaki, asipotee hata mgonjwa mmoja.

"Chomoa," alisema Bwana Nionyeshe.

Akachomoa. Taa moja ikazimika, nyingine zikaendelea kukonyeza. Wote wawili wakakimbilia chumba cha pili kuangalia hesabu kwenye skrini.

Nikabaki na ruta. Upepo wa kiyoyozi ulikuwa unaipiga usoni, maskini. Nikatoa kofia niliyoifuma kutoka kwenye mkoba, nikaivisha. Iliikaa sawasawa.

Baada ya muda ikaanza kuvuma kama mtu anayekoroma. Kisha ikalia, pii, pii, pii.

"Nyamaza, mwanangu," nikaibembeleza. "Wanakuja."

Ikanyamaza. Ikazima taa zote.

"Imesimama!" mjukuu wangu alipiga kelele huko ng'ambo. "Mia moja thelathini na sita, imesimama!"

Aliingia mbio, mkuu wake nyuma yake. Akaiona kofia. Kwa mkono mmoja akaivuta na kuificha ndani ya koti lake la kazi, haraka hata mimi nikashangaa.

"Kosa langu, mkuu," alisema. "Niliziba njia ya hewa. Imepata joto ikajizima."

Hakunitazama hata kidogo. Nilijua anachokifanya. Nikainuka na goti langu bovu.

"Si kosa lake, ni langu. Mjukuu wangu, toa hiyo kofia."

"Bibi, kaa chini, tafadhali."

"Kofia gani?" aliuliza Bwana Nionyeshe. "Nionyeshe."

Akaitoa. Ilikuwa na maua mawili mbele, ya njano. Mkuu akaigeuza huku na huku.

"Ina bitana," alisema.

"Nzito," nikamjibu. "Na nyuma nimeacha tundu la nyaya."

"Naliona, Mama." Akamgeukia mjukuu wangu. "Lakini kifaa hiki kinatakiwa kutoa onyo kabla ya kujizima. Onyo liko wapi?"

Mjukuu wangu alionyesha mfuko wa mkuu wake. "Lilitoka, mkuu. Mara tatu. Nililipanga liende kwenye simu yako."

Bwana Nionyeshe akatoa simu mfukoni. Akaitazama.

"Niliinyamazisha," alisema taratibu. "Nilidhani ni mke wangu. Tangu asubuhi ananiuliza rangi ya mapazia."

Hakuna aliyecheka. Mjukuu wangu aling'ata mdomo mpaka ukawa mweupe. Mimi nikachukua bahasha ya picha ya goti nikaanza kuipepea ruta, maana ndicho nilichoweza kufanya.

Ilipopoa, mjukuu wangu akaiwasha. Alikosea kitufe mara mbili, na mkuu wake akajifanya anasoma lebo ukutani ili asione. Tukaenda wote kwenye skrini, mimi nikichechemea. Mia moja thelathini na sita. Ikakaa. Ikakaa tena. Mia moja thelathini na saba. Halafu zikaanza kukimbia hadi mia mbili.

"Nionyeshe ile iliyokatika njiani."

Akaifungua. Kiwiko cha mtu, kizima, hakijapungua hata kifupa.

Bwana Nionyeshe akavuta fomu yake. "Hapa pana jaribio la joto kupita kiasi," alisema. "Huwa tunaliruka kila mwaka, kwa sababu hatuna kifaa cha kuipasha ruta moto. Mama, hiyo kofia ni ya uzi gani?"

"Pamba. Bitana ni ya koti la marehemu babu yake."

Akaandika yote, hata koti. Mahali pa maelezo akaandika kwamba onyo lilitolewa kwa wakati, likapuuzwa na mkuu wa kitengo. Akatia sahihi, kisha akachukua karatasi ya ajira akaitia sahihi pia.

"Mama," alisema akiwa mlangoni, "usirudie."

"Sirudii, baba."

Alipotoka, mjukuu wangu aliketi sakafuni, akavua viatu, akaegemeza kichwa kwenye mguu wangu ule mzima.

"Bibi, sijala tangu jana."

"Najua," nikamwambia. "Inuka, twende."

Hakuinuka. Nikamwacha kwanza apumzike.