Vidole vya Alfajiri

Majirani walimwita Pilipili, na asubuhi ile alikuwa amefura kweli. Maharage ya marehemu mama yake, mbegu isiyouzwa duka lolote, yalikuwa yanakufa mbele ya macho yake. Majani yalianza kwa vidoa vya majimaji, vikageuka kahawia, kisha yakakauka kama yameunguzwa kwa pasi.

Na mchawi wake alishamjua. Jana alimfukuza wifi yake shambani mbele za watu.

"Mvivu we! Wenzako tunaua wadudu tangu alfajiri, wewe unakuja jua limeshawaka! Ugonjwa huu umetuletea wewe na hizo nguo zako chafu!"

Wifi aliweka ndoo yake chini, akaenda zake.

Sasa bwana shamba alikuwa amechuchumaa na kioo cha kukuzia, akipindua jani taratibu mpaka Pilipili akatamani kumsukuma.

"Dada, wadudu unawauaje?"

"Kwa vidole! Nawapasua palepale kwenye jani, baridi haijawaachia kuruka. Jani kwa jani, mstari kwa mstari."

"Na umande?"

"Umande utanifanya nini mimi?"

"Wewe hautakufanya kitu. Mdudu akitafuna jani anaacha kidonda. Bakteria wanaingia hapo kwa maji, hata kwenye vitundu ambavyo jani linapumulia. Mkono wako umelowa, unatoka kwenye jani gonjwa unashika zima." Akanyoosha kidole mwisho wa shamba. "Mbona ile mistari miwili ni mizima? Nani anaihudumia?"

Pilipili alijua. Ilikuwa ya wifi, asiyeweza kuamka mapema, anayefika umande umeshakauka na kuwakung'utia wadudu kwenye ndoo kwa sababu anawaonea kinyaa.

Alitazama vidole vyake, kijani mpaka kwenye kucha. Hasira zilikuwa tele bado, ila sasa zilikosa wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

"Haya ya huku ng'oa uchome," bwana shamba alisema. "Usiyaweke kuwa mbegu, ugonjwa unakaa humohumo. Mbegu utoe kule tu. Na wewe ya kule usiyasogelee, mwachie mwenyewe anayeyahudumia."

Pilipili aling'oa mistari kumi peke yake, akijitukana kwa sauti, huku machozi yakimtoka. Kisha akaenda kusimama mlangoni kwa wifi, mikono ameificha nyuma.

"Wifi, nimekosa. Njoo uniokolee mbegu ya mama. Mimi nimekatazwa kuigusa."