Marehemu wa Zamu ya Mchana

Sista alikuwa akimfunga bendeji dereva wa lori aliyekatwa mguu, wakati fundi cherehani, aliyefariki juzi katika kitanda cha jirani, alipoingia wadini, akanawa mikono na kuuliza aanzie wapi. Sista alimwonyesha mzee wa dirishani, ambaye hakuwa amegeuzwa tangu asubuhi na ngozi ya kiunoni ilishaanza kuwiva. Fundi akamlaza ubavu taratibu, akamwekea mto katikati ya magoti.

Kifo chake hakikuwa na siri. Alipasuliwa utumbo, akarudishwa wadini, na jioni akaanza kuhangaika kitandani akidai maji. Sista alijua kwamba mtu aliyetoka kupasuliwa akikosa utulivu na kiu ikamzidi, haambiwi avumilie. Hupimwa mapigo na presha upesi, maana huenda anavuja damu ndani kwa ndani. Alijua vizuri sana. Ila alikuwa peke yake, na wakati huo alikuwa amemshikilia mgonjwa mwingine asipaliwe na matapishi. Alipomfikia fundi, miguu ilishapoa. Uongozi ulituma rambirambi, pamoja na tangazo la kuwakumbusha wauguzi kutabasamu.

"Niwie radhi, fundi," Sista alisema, bendeji ingali mkononi.

"Nilikuona," fundi akajibu. "Ulikuwa na mikono miwili tu."

Wagonjwa walimzoea. Walilalamika tu kwamba mikono yake ni baridi, naye Sista akamshauri aisugue kwanza. Kwa mengine alikuwa hodari. Aliwafundisha waliopasuliwa tumbo kukohoa huku wamekumbatia mto ili mshono usivutike, na mpira wa mkojo ukijikunja, aliuona kabla ya mwenyewe kuanza kulalama. Mtu akianza kuhangaika, fundi hakumwacha hata kidogo. Alimwita Sista kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba.

Binti wa fundi alikuja kuchukua nguo za marehemu, akamkuta marehemu akimnywesha mzee supu. Aliketi akamtazama mpaka bakuli likaisha, ndipo akamuuliza kama harudi nyumbani.

"Nikirudi, mwanangu, huyu atageuzwa na nani?"

Binti alimwangalia Sista kwa macho ya mtu mwenye mzigo wa lawama asiyeona pa kuutua. Kesho yake akaleta sweta, kwa kuwa baba yake hakuwahi kupenda baridi.

Habari zikamfikia mkurugenzi wa hospitali, naye akaja kujionea. Aliuliza kama marehemu anakula, kama anadai likizo, na kama ana chama cha wafanyakazi. Alipoambiwa hapana, alimpa fundi mkono na kumsifu kwa moyo wa kujitolea. Sista akaona mlango umefunguka, akarudia ombi lake la muuguzi wa pili. Mkurugenzi akasema linashughulikiwa. Kweli lilishughulikiwa: msaidizi aliyekuwa akija kila asubuhi alihamishiwa ofisini kwa mkurugenzi, kuwakaribisha wageni.

Jumapili iliyofuata mzee wa dirishani alishindwa kupumua. Fundi alikuwa amekandamiza mshono wa mtu uliofumuka, na Sista alikuwa mwisho wa wadi na mgonjwa aliyeanguka chooni. Wote wawili waliusikia mkoromo ule, wakaelewa maana yake, na hakuna aliyeweza kuachia alichoshika.

Jumatatu mchana mzee aliingia kwa miguu yake, akiwa amenyooka mgongo kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akaomba aproni. Fundi akamfunga kamba kwa nyuma na kumwambia asisahau kusugua mikono.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi mkurugenzi alieleza kwamba suala la kuajiri wauguzi limefungwa. Wadi ya upasuaji, alisema, sasa inajizalishia watumishi wake yenyewe, na kwa kasi ya kutia moyo. Ukumbi ukapiga makofi. Sista naye alipiga, mara mbili tatu, kisha akatoka mapema kuwahi zamu.